NANI ANAMKAGUA MKAGUZI?



Tangu tuanze masomo haya ya hesabu kwa vyama na vikundi, kuna swali moja ambalo tumeulizwa karibu kila mahali, kuanzia Runyenjes mpaka Nkubu: "Kila mwaka odita anakuja, kila mwaka anasema vitabu viko sawa, na kila mwaka pesa zetu hatuelewi zilikokwenda. Sasa huyu odita anafanya kazi gani?"

Hilo si swali la watu wasiojua kitu. Mkulima aliyechuma kahawa kuanzia Oktoba mpaka Desemba, akaibeba mpaka fakitori, akangoja malipo mpaka katikati ya mwaka uliofuata huku watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ana haki ya kuuliza. Na jibu letu ni hili: ukaguzi si muhuri. Ni kazi inayofanywa na watu, ndani ya ofisi fulani, kwa muda fulani na kwa malipo fulani. Inaweza kufanywa vizuri na inaweza kulipuliwa, na muhuri utakuwa ni ule ule. Tofauti iko ndani ya ofisi ya mkaguzi, mahali ambapo mwanachama hafiki. Leo tuingie humo pamoja.

Mkaguzi anaahidi nini?

Kwanza tuondoe dhana moja. Mkaguzi hasomi kila risiti. Huchagua baadhi, huzifuata mpaka mwisho wake, huuliza maswali, hulinganisha vitabu na benki na stoo, kisha hutoa maoni. Anaweza kusema hesabu zinaonyesha hali halisi ya chama. Anaweza kusema zinaonyesha hivyo isipokuwa jambo fulani. Anaweza kusema hazionyeshi kabisa. Na anaweza kusema ameshindwa kutoa maoni yoyote kwa sababu hakupata vitabu au maelezo ya kutosha. Haya maoni manne ni tofauti sana, ingawa kwenye mkutano mkuu mara nyingi husomwa kwa sauti ile ile na kupigiwa makofi yale yale, halafu watu wanaenda kuchukua soda na mkate.

Kwa hivyo ukiambiwa "hesabu zimekaguliwa," bado hujaambiwa kitu. Uliza maoni yalikuwa gani.

Tulikotoka

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo ukaguzi wa vyama vya ushirika ulikuwa mikononi mwa serikali. Chini ya sheria ya 1966, Kamishna wa Ushirika ndiye aliyekagua, au mtu aliyepewa idhini naye. Wakaguzi walikuwa wachache na vyama vilikuwa vingi. Hesabu zilingoja foleni, na zilipofikiwa, pengine meneja alikwisha kuhama na karani alikwisha kustaafu.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 ilibadilisha mambo. Iliweka kwamba vitabu vikaguliwe angalau mara moja kila mwaka, na kwamba wanachama wenyewe, katika mkutano mkuu wa mwaka, wamchague mkaguzi kutoka katika orodha iliyokubaliwa na Kamishna. Hiyo ilikuwa haki kubwa. Lakini wakati ule ule vyama vikubwa vya kahawa vilikuwa vikigawanyika, kila fakitori ikitaka kujitegemea. Chama kikigawanyika mara nne au tano, kila kipande kinahitaji odita wake, na hakuna kipande chenye pesa za kumlipa vizuri. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kutafuta odita wa bei nafuu. Bei nafuu ina maana siku chache za kazi, na siku chache zina maana maswali machache. Jambo hili ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu tunapolaumu ofisi za ukaguzi ni lazima tujiulize pia tulizilipa zifanye nini.

Madhara ya kutojali yameonekana wazi miaka ya karibuni. Mapema 2025 ilitolewa ripoti ya uchunguzi uliofanywa na kampuni ya PricewaterhouseCoopers juu ya KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini Kenya. Ripoti ilionyesha upungufu wa karibu shilingi bilioni 13.3, pesa ambazo Sacco mbalimbali ziliweka huko zikiamini ziko salama. Na iliripotiwa jambo ambalo lingekuwa la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha: kulikuwa na hesabu zilizotiwa sahihi kwa jina la mkaguzi aliyekwisha kufariki. Sahihi hiyo ilipita katika mikono mingi. Kumbe ilitosha mtu mmoja tu kuuliza, "Huyu mkaguzi yuko wapi, tumwone?"

Tuingie ofisini

Hebu tuchukue ofisi ya mfano. Iko Meru mjini, vyumba vitatu juu ya duka. Kuna mhasibu mmoja mwenye leseni, ambaye ndiye anayetia sahihi, na vijana wanne wasaidizi. Wana wateja 60: Sacco, vyama vya maziwa, vyama vya kahawa, shule za binafsi, na makanisa mawili matatu. Sacco nyingi hufunga mwaka Desemba 31 na zinatakiwa zifanye mkutano mkuu ndani ya miezi minne. Kwa hivyo kuanzia Januari mpaka Aprili simu hailali. Kila mwenyekiti anataka yake iwe ya kwanza.

Ofisi kama hii inawezaje kujua kama kazi yake ni nzuri? Kwa miaka mingi dunia ya wahasibu ilikuwa na kanuni zilizosema ofisi iwe na taratibu za kudhibiti ubora. Ofisi nyingi zilinunua kitabu kilichoandikwa tayari, zikabadilisha jina kwenye jalada, zikakiweka kabatini. Kiwango kipya cha kimataifa, kinachoitwa ISQM 1, ambacho ofisi zilitakiwa ziwe nacho kufikia Desemba 15, 2022, kimekuja na njia nyingine. Kinamwambia mwenye ofisi: usianze na kitabu, anza na swali. Katika ofisi yako wewe, na watu wako hawa, na wateja wako hawa, ni kitu gani kinaweza kuharibika? Kisha weka dawa ya kitu hicho. Kisha angalia kama dawa inafanya kazi. Na angalau mara moja kwa mwaka, mkubwa wa ofisi aseme mwenyewe kama mpango wake unaaminika au hauaminiki.

Katika ofisi yetu ya mfano, cha kwanza kinachoweza kuharibika ni kile cha Januari mpaka Aprili: kazi nyingi kuliko watu. Dawa yake si kukesha. Ni kukataa baadhi ya wateja, au kuanza nusu ya kazi mnamo Novemba kabla vitabu havijafungwa. Ofisi inayokubali kila mteja anayebisha hodi imekwisha kuamua kwamba wengine watalipuliwa. Bado haijajua tu ni akina nani.

Anayeandika na anayekagua

Hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo vyama vyetu vidogo vinapoumia zaidi.

Karani wetu anajua kuandika mapokezi na matumizi. Mwaka ukiisha, hawezi kutengeneza mizania. Basi anachukua katoni la vocha analipeleka kwa odita. Odita anatengeneza hesabu, halafu anazikagua hesabu alizotengeneza mwenyewe, halafu anasema ziko sawa. Zitakosaje kuwa sawa? Waswahili walisema kinyozi hajinyoi.

Kanuni za maadili za wahasibu zinalitambua jambo hili kuwa hatari. Kwa mashirika makubwa yanayoshika pesa za umma, kama mabenki, mkaguzi amekatazwa kabisa kuandaa hesabu anazozikagua. Kwa chama kidogo inaweza kuvumiliwa, lakini kwa masharti: aliyeandaa asiwe ndiye anayekagua, na kamati ielewe na ikubali kwamba hesabu ni zake, si za odita. Ofisi ya watu watano inaweza kufanya hivyo. Ofisi ya mtu mmoja haiwezi. Basi chama kitafute mhasibu mwingine wa kuandaa, hata kwa siku tatu tu kwa mwaka.

Kuna na undugu. Huku kwetu ni vigumu kupata mtu asiye shemeji wa mtu. Ofisi nzuri huwauliza wafanyakazi wake kila mwaka, kwa maandishi: nani ana ndugu katika chama gani, nani amekopa Sacco gani. Mwenye kukopa Sacco fulani asitumwe kukagua mikopo ya Sacco hiyo. Na kuna zawadi. Hatusemi odita alale njaa akija Siakago. Chai na githeri ni utu. Lakini kuku wawili, mkungu wa ndizi na bahasha ya "mafuta ya gari" si chakula cha mchana tena.

Msidhani haya ni mambo ya vijijini tu. Mwaka 2000, kampuni ya Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa tano kubwa zaidi duniani, ilipata kwa Enron ya Marekani karibu dola milioni 25 kwa ukaguzi na karibu milioni 27 kwa kazi nyingine. Ni nani anamkaripia mtu anayempa mkate mara mbili? Enron ilianguka Desemba 2001, na Andersen ikaporomoka mwaka uliofuata.

Kufungua faili lililokwisha kufungwa

Sasa tufike kwenye ufuatiliaji wenyewe. Ukaguzi wa hesabu huacha karatasi za kazi: nani aliangalia nini, aliona nini, aliamuaje. Karatasi hizo zinatakiwa zikusanywe katika faili moja, kwa kawaida ndani ya siku 60 baada ya ripoti kutiwa sahihi, na zitunzwe si chini ya miaka mitano. Faili ndilo ushahidi kwamba kazi ilifanyika. Jambo ambalo halikuandikwa, mtu wa tatu hawezi kulijua.

Mara kwa mara, ofisi huchukua faili la kazi iliyokwisha na kumpa mtu ambaye hakuigusa kazi hiyo. Ofisi ndogo isiyo na mtu kama huyo inaweza kukubaliana na ofisi nyingine, tuseme ya Embu, kila mmoja amsomee mwenzake, bila shaka kwa kiapo cha kutunza siri za wateja. Msomaji anauliza swali moja tu: nikisoma karatasi hizi, mimi nisiyejua chama hiki, ningefikia maoni yale yale?

Tuseme faili ni la chama cha kahawa. Kitabu cha mizani kinaonyesha wakulima walileta kilo 420,000 za cheri. Kila mkulima wa huku anajua kwamba kilo 6 au 7 za cheri hutoa kilo moja ya kahawa safi baada ya kukobolewa. Tukichukua 7, tusije tukamwonea mtu, tunategemea kilo 60,000. Vitabu vinaonyesha ziliuzwa kilo 52,000 na stoo haina kitu. Kilo 8,000 ziko wapi? Labda cheri ilikuwa nyepesi kwa sababu ya kiangazi, labda ugonjwa wa matunda, labda mizani ya fakitori ilikuwa mbovu. Labda ni wizi. Yote yanawezekana. Lakini katika faili hakuna swali wala jibu, ila alama ya vema kando ya 52,000 na maneno "imelingana na barua ya meneja."

Hapo msomaji wa faili amepata kosa. Katika ofisi nyingi mambo huishia hapo: kijana anaitwa, anagombezwa, anaandikiwa onyo. Tunapenda sana kumgombeza mdogo. Mwaka ujao kijana mwingine anafanya vile vile.

Ofisi inayotaka kurekebika huuliza kwa nini, na ikijibiwa huuliza tena. Kwa nini hukulinganisha cheri na kahawa safi? Kwa sababu sikujua uwiano wake. Nilitoka chuo mwaka jana, na kwetu tunalima pamba. Kwa nini hukufundishwa? Kwa sababu aliyekuwa anisimamie alikuwa kwenye kazi nyingine tatu wiki hiyo. Kwa nini alikuwa kwenye kazi tatu? Kwa sababu ilikuwa Machi. Na kwa nini hukwenda kinuni kuuliza? Kwa sababu nauli haikuwa kwenye bajeti. Na kwa nini haikuwa? Kwa sababu chama kiliomba kupunguziwa bei na mkubwa akakubali.

Mmeona kosa limehamia wapi? Limepanda ngazi mpaka kwenye meza ya mkubwa, na kidogo likaturudia sisi wanachama. Dawa sasa inajulikana: somo la nusu siku juu ya kahawa kila Novemba, karatasi moja ya kulinganisha cheri na kahawa safi katika kila faili la kahawa, na nauli ya kinuni isiyoondolewa hata mteja akilia. Halafu baada ya mwaka faili jingine la kahawa lifunguliwe, kuona kama karatasi hiyo imejazwa kwa akili au imejazwa tu.

Nani anaangalia kutoka nje

Ofisi za wahasibu wenye leseni ziko chini ya ICPAK, chama cha kitaaluma cha wahasibu wa Kenya. ICPAK hutuma watu wake kupitia mafaili ya ofisi hizo, na jina la mwenye leseni linaweza kuulizwa huko. Kumwuliza odita namba yake ya leseni si matusi, bwana. Fundi wa stima tunamwuliza.

Kwa upande wa serikali, pamoja na kaunti zetu za Meru, Embu na Tharaka-Nithi, yuko Mkaguzi Mkuu. Katiba ya 2010, kifungu cha 229, inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha kutoa ripoti, na bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Wengi hawajui kwamba yeye naye hukaguliwa: kifungu cha 226 kinasema hesabu za ofisi yake zikaguliwe na mhasibu anayeteuliwa na Bunge la Taifa. Tena hatumikii zaidi ya kipindi kimoja cha miaka minane, ili asitafute upendeleo wa kuteuliwa upya. Mpango ni mzuri. Hata hivyo, Edward Ouko alipomaliza kipindi chake Agosti 2019, kiti kilikaa wazi mpaka Nancy Gathungu alipoapishwa Julai 2020, karibu miezi 11. Mwisho wa kipindi hicho ulijulikana tangu siku ya kwanza, na bado nchi haikujiandaa kwa wakati.

Kazi ya kikundi

Tafuteni nakala ya hesabu zilizokaguliwa za chama chenu za mwaka uliopita. Kamati ikisema hakuna nakala, hilo peke yake ni somo la kutosha kwa jioni moja. Mkiipata, asomaye vizuri asome ukurasa wa mkaguzi kwa sauti, na aeleze kwa Kimeru au Kiembu panapohitajika. Angalieni jina la mtu aliyetia sahihi, si jina la kampuni tu, na tarehe. Angalieni ni yapi kati ya yale maoni manne.

Kisha ulizeni kamati barua ya mkaguzi. Wengi hawajawahi kuisikia. Mbali na ripoti inayosomwa mkutanoni, mkaguzi mzuri huiandikia kamati barua ya udhaifu aliouona: stoo ina funguo kwa mtu mmoja, vocha hazina sahihi mbili, mikopo ya wakubwa hailipwi. Barua hiyo mara nyingi hulala kwenye droo ya meneja. Ombeni isomwe, pamoja na ya mwaka uliotangulia, muone ni mambo mangapi yamerudiwa.

Kabla ya kupiga kura ya kumchagua odita, mwiteni mbele. Ni nani hasa atakuja kwetu, na amewahi kukagua chama cha kahawa au cha maziwa? Mtakaa siku ngapi? Mtafika stoo na kinuni? Ni nani mwingine ofisini kwenu atasoma kazi hiyo kabla ya sahihi? Mara ya mwisho mafaili yenu yalipopitiwa na mtu wa nje, mlibadilisha nini? Asiyekuwa na jibu la hilo la mwisho hajaanza kujiangalia. Na mkisikia bei yake iko nusu ya wengine, mwambieni awaeleze ni kazi gani ataiacha.

Ukaguzi ukiwatia shaka, waandikieni ofisi ya ushirika ya kaunti na Kamishna, ambaye sheria inampa uwezo wa kuamuru uchunguzi. Kama shaka ni juu ya mwenendo wa mhasibu mwenyewe, ICPAK nayo hupokea malalamiko. Andikeni kwa tarehe na tarakimu, si kwa hasira, na mbaki na nakala.

Ya kujadiliana: Katika chama chetu, ni nani anayeandaa hesabu za mwisho wa mwaka, na ni nani anayezikagua? Mwaka jana tulileta kilo ngapi fakitori, na ziliuzwa kilo ngapi? Na tulimlipa odita kwa siku ngapi za kazi?